Mguu wa Mloka na Mbuzi wa Dimoso

Makarani wenzangu mnaobaki kwenye baraza la mashauri mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, kabla sijayasahau au sijaanza kuyapamba. Nimekubali kwa sharti moja: vyeo na mishahara sitavigusa. Mishahara mnaijua wenyewe, na kuitaja mbele ya watu ni kujitafutia aibu. Vyeo sikupata. Niliingia boma la Morogoro nikiwa mkalimani wa Kiluguru, nimetoka nikiwa mkalimani wa Kiluguru, na katikati wamepita mabwana wakubwa kadhaa, kila mmoja akinieleza kwamba aliyemtangulia hakuijua kazi.

Siku ya kwanza nilifika na kanzu mpya na Kijerumani cha shule. Kanzu ilichafuka kabla ya adhuhuri. Kijerumani hakikufika hata hapo. Aliyenipokea ni Mzee Omari, mtu wa Bagamoyo, mkalimani tangu enzi za misafara, reli haijafika huku. Alikuwa ameketi barazani anachokonoa meno.

"Wewe ndiye kijana wa shule?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijerumani unakijua?"

"Kiasi."

"Basi kisahau. Bwana akijua unakielewa hatasema neno la maana mbele yako. Na Kiluguru?"

"Nimezaliwa nacho, mzee. Mama ni mtu wa milimani."

"Hicho kishike. Na shika hili: mkalimani hasemi kweli, wala hasemi uongo. Mkalimani anarudi nyumbani salama."

Huo ndio ulikuwa mwanzo na mwisho wa mafunzo yangu. Nasikia siku hizi mnafundishwa miezi mingi. Nawapa pole.

Chumba cha shauri hamhitaji nikieleze, kwa kuwa hakijabadilika hata ufa mmoja. Palikuwa na meza ya Bwana, kengele ya shaba, muhuri na kidau cha wino ambacho nzi walikipenda kuliko makarani. Ukutani kilitundikwa kiboko. Kwa mashauri ya madai, yaani mtu na shamba lake, mtu na mapatano yake, mtu na jino lake lililong'olewa na jirani, kiboko hakikuwa na kazi. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini basi kilikaa pale. Nadhani kilikuwa kinasikiliza.

Utaratibu ulikuwa safi. Mdai alisema, mdaiwa akasema, mashahidi wakawasahihisha wote wawili. Kisha wazee wa baraza, walioitwa makusudi kwa ajili ya mila, waliulizwa mila inasemaje. Bwana aliwasikiliza kwa heshima kubwa, akawashukuru, kisha akahukumu alivyotaka. Bwana mwenyewe alisema Kiswahili, tena kizuri, cha kuagizia chai na kuhukumia. Watu wa milimani walisema Kiluguru. Mimi nilikaa katikati, mahali ambapo mawe hupita kutoka pande zote.

Shauri la kwanza nililotafsiri lilikuwa la mzinga. Mmoja alitundika mzinga wake juu ya mti wa mwenzake. Asali ilipoiva, kila mmoja akasema ni yake. Bwana alifikiri sana, akauliza: "Mzinga ni wa huyu, mti ni wa yule. Je, nyuki ni wa nani?" Mara wote wawili, waliokuwa wanagombea asali kama ndugu kwenye urithi, wakakana nyuki kwa kiapo. Asubuhi hiyo nyuki walikuwa wamemuuma askari.

La pili lilikuwa la mapatano. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, mwenye duka mjini, alipatana na mtu wa Kinole amletee mikungu ya ndizi. Ndizi hazikuja. Mtu wa Kinole akajitetea kwamba alisema, "Kesho nitaleta, Mungu akipenda."

Bwana akamgeukia Mzee Omari. "Huyu Mungu naye ni mmoja wa waliopatana?"

"Ni shahidi, Bwana."

"Basi anasemaje?"

"Hakupenda, Bwana."

Mwenye duka alishinda. Nawaelezeni haya ili mjue kwamba nilipofikiwa na shauri la Mloka na Dimoso sikuwa mgeni tena. Nilidhani nimeshaona kila aina ya upumbavu ambao sheria na mila wanaweza kuuzaa wakilazwa kitanda kimoja. Nilikuwa bado kijana.

Mloka na Dimoso walikuwa watu wa Kinole, rika moja, koo mbili tofauti, na koo hizo ni watani tangu mababu. Nyinyi mliokulia mjini mnadhani utani ni maneno ya kuchekesha sokoni. Milimani utani ni kazi. Mtani anakutukana hadharani na huruhusiwi kununa. Anachukua kuku wako na huruhusiwi kumwita mwizi. Na ukifa, yeye ndiye anayechimba kaburi, anayewaondolea wafiwa mzigo wa jembe, na anayewatania mpaka wacheke huku machozi hayajakauka. Matusi yote ya maisha ni malipo ya kazi hiyo ya siku moja. Asiye na mtani hana mzishi.

Basi kulikuwa na msiba kwa akina Dimoso. Baba yao mdogo alikuwa amefariki. Mloka alikuja kama ilivyo haki yake, na kazi ya kaburi ilipokwisha akaketi kwenye kigoda cha marehemu, akatangaza kwamba kuanzia leo yeye ndiye mwenye nyumba, mjane apike. Watu wakacheka. Akasimama kuigiza mwendo wa marehemu, tumbo mbele, mkono kiunoni. Watu wakacheka zaidi. Alipokuwa amegeuza mgongo, Dimoso akakisogeza kile kigoda. Mloka akarudi kuketi.

Mahali pengine angekaa chini akajikung'uta. Lakini nyumba za Kinole zimekaa mlimani kama mbuzi wanavyosimama kula majani. Nyuma ya kigoda palikuwa na hatua moja ya ardhi, na baada ya hapo palikuwa na hewa. Mloka alitoweka. Watu waliendelea kucheka mpaka waliposikia mlio wake kutoka chini.

Dimoso mwenyewe ndiye aliyeshuka, akambeba mgongoni mpaka juu, huku akimwambia kwamba ni mzito kwa sababu ya kula misibani. Akamwita fundi wa kuunga mifupa. Mloka, akiwa anauma kitambaa kwa maumivu, alimjibu kwamba mgongo wa Dimoso una mifupa kama kitanda kibovu. Mambo yangeishia hapo. Mambo mengi duniani yangeishia hapo kama kusingekuwa na akida.

Akida wa upande ule, msimamizi wa vijiji aliyewekwa na serikali, alikuwa mtu wa pwani, mwenye koti juu ya kanzu hata wakati wa joto. Akida asiye na mashauri ni kama nahodha asiye na maji: watu huanza kuuliza anakula kwa kazi gani. Akamtembelea mgonjwa. Ilikuwa mvua za kupandia zimeanza, Mloka amelala na mguu wake juu ya gogo, shamba lake linaota magugu, na mfupa unauma. Mwenye maumivu anashawishika upesi.

"Siku hizi kuna sheria," akida akamwambia. "Mtu akikuvunja mguu, anakulipa."

"Ni mtani wangu huyo."

"Mguu si wa utani, ndugu yangu. Au huo unaouma ni mguu wa utani?"

Mloka akautazama. Akakubali kwamba ulikuwa mguu wa kweli.

Akaletwa bomani kwenye machela. Dimoso akaitwa na askari. Wazee wa baraza walipoona nani anamshitaki nani, mmoja wao alivua kofia akaitazama ndani, kana kwamba jibu liko humo.

"Uliondoa kigoda?" Bwana akamuuliza Dimoso.

"Nilikiondoa, Bwana."

"Kwa nini? Mna ugomvi?"

"Hatuna, Bwana. Tungekuwa na ugomvi ningemwachia kigoda chake."

Nilitafsiri vile vile alivyosema. Bwana akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza utani ni nini, nikajitahidi kumweleza. Akaandika kidogo, akauliza mkuu wa utani ni nani na anakaa wapi. Nikasema hana mkuu. Akauliza mtu anajiungaje. Nikasema anazaliwa. Akauliza kama anaweza kujitoa. Swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza tangu milima hii iumbwe. Wazee wa baraza wakasema kwa sauti moja kwamba hapa hapana shauri. Bwana akawashukuru kwa heshima kubwa.

Hukumu ilikuwa hivi: mguu ni mguu. Dimoso atoe mbuzi jike mmoja kwa Mloka, tena alime shamba la Mloka msimu ule mpaka mguu upone. Kwa haki ya serikali, si hukumu mbaya. Nimetafsiri nyingi mbaya zaidi ya hiyo.

Dimoso aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Mloka pale kwenye machela, akainamisha kichwa, akasema:

"Shikamoo, mzee."

Mtani haamkiwi shikamoo; wazee wa baraza wakatazamana. Bwana alitabasamu, aliona watu wamefundishika heshima. Mloka alikuwa amejivuta akaegemea kiwiko, mdomo wazi, na uso wake ulikuwa wa kijivu, kama ndiyo kwanza ametolewa bondeni.

Yaliyofuata niliyasikia kwa mkewe Mloka, Binti Shomari, mwanamke mwenye ulimi ambao ungeweza kumenya muhogo. Dimoso alimleta mbuzi akiwa amefungwa kamba mpya. Alibisha hodi. Aliuliza hali za watoto. Kisha kila alfajiri alikuja na jembe, akalima mistari iliyonyooka, kimya, akakataa uji, akaaga, akaenda zake.

"Shamba halijawahi kulimwa vizuri namna ile," Binti Shomari aliniambia. "Nilitamani kulichoma moto."

Mloka, akiwa amekaa kibarazani na fimbo yake, alijaribu kumchokoza. Siku moja akamwita kwa sauti, "Wewe Dimoso! Unalima kama fuko mjamzito!"

Dimoso akasimama, akaegemea jembe. "Asante, mzee. Na watoto hawajambo?"

Binti Shomari anasema mumewe aliingia ndani akajifunika shuka, jua la mchana likiwaka.

Mguu ukaunga, ukawa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Kisha mama yake mkubwa Mloka akafariki. Watu wa ukoo wa Dimoso walikuja wote, hakuna aliyekosekana. Wakaketi juu ya mikeka kwa mpangilio mzuri. Wakatoa pole. Wakasema kazi ya Mungu haina makosa. Hakuna aliyedai kurithi chungu cha marehemu, hakuna aliyelalamika kwamba maiti ametoroka bila kulipa deni la matusi. Na hakuna aliyeshika jembe. Wafiwa wakatazamana, mpaka wapwa wa marehemu, macho yamevimba kwa kulia, wakaenda kuchimba wenyewe. Mnajua nyinyi wenye kwenu milimani maana yake nini mfiwa kuchimba kaburi la mfu wake. Ulikuwa msiba wa adabu kuliko yote iliyowahi kuonekana Kinole, na watu walirudi majumbani kama waliopigwa.

Mloka akashuka kuja bomani kwa miguu, siku nzima ya njia, na fimbo, na Binti Shomari nyuma akimwongoza yule mbuzi.

"Anataka nini?" Bwana akauliza. "Hakuletewa mbuzi?"

"Ameletewa, Bwana. Amemrudisha."

"Mgonjwa?"

"Mzima, Bwana. Ana mimba."

"Basi amepata faida." Bwana akamtazama Mloka. "Wewe ulishinda."

"Ndiyo, Bwana," Mloka akasema. "Hiyo ndiyo shida yangu. Nataka hukumu ifutwe."

Bwana akanieleza, nami nikamweleza Mloka, kwamba hukumu haifutwi kwa sababu mshindi hana furaha. Kukata rufaa ni haki ya aliyeshindwa. Dimoso akitaka, aende mbele. Mloka hana njia.

"Bwana, mimi si kijana tena," Mloka akasema. "Nikifa leo nitazikwa na nani?"

Bwana, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimhakikishia kwamba serikali haimwachi mtu yeyote bila kuzikwa. Ipo amri kabisa, kwa ajili ya afya.

Mloka akafikiri. "Sawa. Na serikalini ni nani atakayenitukana siku hiyo?"

"Wapo wengi," Mzee Omari akanong'ona kando yangu, "ila wanataka kufanya hivyo ukiwa hai."

Sikutafsiri. Kengele ikalia, shauri lingine likaitwa. Nje, kwenye ngazi, Binti Shomari alimkabidhi mumewe kamba ya mbuzi.

"Shika wazishi wako," akasema. "Huyu mbele, na mwanawe tumboni. Wakianza kuchimba uniite nije nitazame."

Mloka akaishika kamba. Alishuka ngazi upande upande, mguu mfupi ukitangulia, na mbuzi akamfuata kwa utii kuliko watu wote wa mlima ule.

Siku ya gulio nilimkuta Dimoso mjini ameketi nyuma ya tenga la machungwa. Mimi si mtu wa kuacha jambo bila kuliuliza. Ndiyo sababu sikupendwa na maakida. Nikamuuliza kwa nini asikate rufaa, yaishe.

"Rufaa ya nini, karani? Mimi nimeridhika. Mtu mtiifu wa serikali, mimi."

"Usinifanye Bwana mimi. Mama yangu ni wa huko kwenu."

Alipanga machungwa yake upya, makubwa juu kama wafanyavyo wote. Kisha akasema bila kunitazama: "Ile siku askari alipokuja kuniita, akasema tu, ni habari ya Mloka, twende. Nilidhani ule mguu umemuua. Nilichukua jembe langu, karani. Nilishuka na jembe mpaka bomani, nikaliacha kwa mlinzi getini. Ndani nikaambiwa nimeshitakiwa." Akalipangusa chungwa kwa kiganja. "Mtu aliyenishitaki ni mzee wa watu. Nitamheshimu mpaka afe. Na akifa, nitampelekea pole."

Nilinunua machungwa ambayo sikuyahitaji. Kwa wale mnaodhani mkalimani anaweza kuzungumza na watu wote, kumbukeni kwamba anazungumza maneno yao. Yake mwenyewe hana mazoezi nayo.

Halafu, mavuno yalipokwisha, akida akatuma habari kwa furaha: kuna dai jipya kutoka Kinole. Mdai, Dimoso. Mdaiwa, Mloka. Bwana akasugua mikono. "Unaona?" akaniambia. "Wanaanza kuielewa sheria." Mimi moyo ulinishuka. Kama Dimoso naye sasa anashitaki, basi hakuna kilichobaki cha kuokoa. Wamekuwa majirani wa kawaida, yaani maadui wenye karatasi.

Siku ya shauri baraza lilijaa mpaka madirishani. Nusu ya Kinole ilikuwa imeshuka. Mloka alisimama kwa fimbo yake, Binti Shomari kando, na alikuwa amedhoofu. Alimtazama Dimoso kama mtu anayesubiri jino la pili ling'olewe. Dimoso aliingia na kitu kirefu begani. Akakitua mbele ya meza ya Bwana kwa adabu zote. Kilikuwa shina la mgomba, limekauka, limeoza ncha zote mbili.

"Hili ni nini?" Bwana akauliza.

"Marehemu, Bwana," Dimoso akasema kwa Kiswahili chake cha gulioni. "Nilikuwa na migomba chini ya nyumba. Huyu mzee alipoanguka, aliiangukia. Ilivunjika."

Bwana akaandika. "Alianguka kwa sababu wewe uliondoa kigoda."

"Kwa hilo nimeshalipa, Bwana. Mbuzi nimetoa, shamba nimelima. Sasa nauliza migomba yangu. Mimi niliondoa kigoda tu. Pa kuangukia alichagua mwenyewe. Upande wa kushoto palikuwa na majani matupu."

Mwenye kofia, yule mzee wa baraza, aliivua tena. Safari hii akajifunika nayo mdomo. Bwana hakuona kichekesho. Ndivyo walivyo mabwana wenye elimu: ukiwaletea upuuzi uliopangwa kwa utaratibu, wanauheshimu utaratibu. Akauliza kama migomba ilikuwa na mikungu. Ilikuwa nayo. Akauliza mtu mmoja anawezaje kuvunja migomba.

"Si mtu mzima aliyeivunja, Bwana," Dimoso akajibu. Hapa akaacha Kiswahili, akageuka polepole kumwelekea Mloka, na kwa Kiluguru, kwa sauti ya kufika madirishani, akasema: "Ni hicho kichwa. Kilitangulia. Kichwa kizito kama jiwe la kusagia, na ndani yake hamna hata unga."

Nimeona watu wakisomewa hukumu za kila namna; uso kama ule wa Mloka sijauona tena. Alisimama tu. Binti Shomari akamsukuma kwa kiwiko, si kwa upole.

"Jibu, wewe! Umetukanwa!"

Na Mloka akajibu. Akasema, kwa Kiluguru, kwamba ile haikuwa migomba, ilikuwa mashangazi zake Dimoso wamesimama, ndiyo maana ilivunjika kwa kuguswa tu. Na kwamba ndizi zake ni chungu hata nyani huzirudisha mlangoni. Dimoso akasema nyani alizirudisha kwa kuwa alimdhania Mloka ni ndugu yake, mwenye haki ya kula kwanza. Watu madirishani wakaanza kupiga vigelegele. Mloka alikuwa analia waziwazi, machozi yanaingia kwenye ndevu, na bado anatukana, bila kupumua, matusi ya msimu mzima yaliyomkaa tumboni.

Bwana akapiga kengele. Hakuna aliyesikia. Akapiga tena, akatoa hukumu juu ya makelele kwa sababu saa ya chakula ilikuwa imefika: sheria ni ile ile kwa mguu na kwa mgomba, aliyepokea malipo ya kuanguka hawezi kukwepa malipo ya alipoangukia. Mloka atoe mbuzi jike mmoja kwa Dimoso. Akagonga muhuri. Tangu hapo, nasikia, aliwaonyesha wageni wake mashauri yale mawili kama mfano wa jinsi mwenyeji anavyoweza kufundishwa haki, moja kwa kila upande.

Lakini wale wawili hawakunyamaza. Walikuwa wamekaribiana mpaka fimbo ya Mloka ikawa juu ya mguu wa Dimoso, na mambo yalikuwa yamefika kwa mababu.

"Hawa wanasema nini?" Bwana akaniuliza.

Nikamtazama Mzee Omari. Alikuwa anatazama dari.

"Wanasalimiana, Bwana," nikasema.

Bwana akaridhika. Alikuwa mtu mwenye malezi mema. Akasimama, akavaa kofia yake, akawainamia kidogo wale wawili.

"Waambie," akasema, "na mimi nawasalimu vivyo hivyo."

Ilikuwa amri, na mimi nilikuwa mtumishi wa serikali. Nikawaambia kwamba Bwana naye anawarudishia yale yale.

Dimoso akamtazama Bwana kuanzia kofia mpaka buti, kwa uangalifu, kama mtu anayepima mbao. Kisha akamtazama Mloka, na Mloka akafuta uso kwa kiganja, akatikisa kichwa kukubali.

"Mwambie tumempokea," Mloka akasema. "Akifia huku, asiwe na wasiwasi. Tutamzika sisi, na siku hiyo atasikia."

Bwana alikuwa mlangoni tayari, ananisubiri nimalize. Nikamwambia wanamtakia maisha marefu.